Nani Humteua Mkubwa wa Ukoo? Wamazrui wa Gazi na Anguko la 1895

Kuanguka kwa Wamazrui wa Gazi kwa kawaida huelezwa kama habari ya mizinga. Tarehe 17 Agosti 1895 wanamaji wa Kiingereza chini ya Admirali Rawson waliliteka boma la Mwele katika misitu ya Shimba. Aprili 1896 Sheikh Mbaruk bin Rashid akavuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, na ukoo uliopata ukuu wake Mombasa katika karne ya 18 ukawa hauna tena mtawala pwani ya kusini. Tarehe hizo ni sahihi, ila zinatuonyesha namna vita vilivyokwisha, si kilichovizua. Ninachodai hapa ni kwamba Gazi iliangushwa na jambo lililotangulia mizinga: dola ngeni kujitwalia haki ya kuamua nani awe mkubwa wa ukoo. Haki hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya Wamazrui, na ilipotolewa, kilichobaki kiliporomoka kwa muda mfupi.

Wamazrui hawakuanza kama wafalme. Walikuwa maliwali, watumishi wa Imamu wa Omani katika mji uliokuwa umenyang'anywa Wareno. Nasaba ya Yarubi ilipoanguka na Ahmad bin Said Al Busaidi akashika dola miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtambua. Tangu hapo cheo alichopewa na mwingine kikawa mali ya nyumba yake. Lakini nyumba hiyo haikuweka kanuni ya baba kurithiwa na mwanawe. Muhammad alipouawa kwa hila za Wabusaidi, aliyechukua nafasi ni nduguye, Ali bin Uthman. Ali naye aliuawa na mpwawe wakati wa kuizingira Unguja miaka ya 1750, na ukubwa ukaenda kwa Masud bin Nasir, wa tawi jingine, kabla ya kurudi kwa wana wa Muhammad. Mwaka 1826 Sulaiman bin Ali aliondolewa na jamaa zake mwenyewe, wasiopendezwa na jinsi alivyoukumbatia ulinzi wa Kiingereza wa Kapteni Owen, wakamweka Salim bin Ahmad. Msomaji wa leo huona fujo hapo. Mimi naona utaratibu: wazee wa ukoo, pamoja na masheikh wa Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na washirika wao wa bara, walimpa ukubwa yule waliyemwona anaweza kuubeba, na asiyeweza aliondoshwa. Mshirika mwenye sauti katika kumchagua mkubwa ana sababu ya kumpigania.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama yake, na hakuna haja ya kuificha. Baada ya kifo cha Salim mwaka 1835 ukoo ulivurugana, baadhi ya masheikh wa Mombasa wakaegemea upande wa Sayyid Said, mtawala wa Kibusaidi, na mwaka 1837 Rashid bin Salim akaitoa ngome ya Fort Jesus. Baada ya muda mfupi yeye na wakubwa wenzake walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi. Kwa mantiki ya ofisi, hapo ndipo ukoo ulipaswa kwisha: ngome imekwenda, ushuru wa bandari umekwenda, wakubwa wamekwenda. Haukwisha. Walionusurika waligawanyika, wengine wakakaa Takaungu kaskazini ya Mombasa, wengine Gazi, kati ya Diani na Msambweni, na Gazi ikainuka chini ya Mbaruk, mtoto wa yule Rashid. Zaidi ya miaka 20 alipambana na masultani wa Unguja, akishindwa pwani na kukimbilia Mwele, kisha akirudi. Mwaka 1882 aliishambulia Vanga. Mtu asiye na bandari kubwa wala barua ya uteuzi hawezi kufanya hivyo kwa ushujaa pekee. Alikuwa na Wadigo na Waduruma waliomjua yeye na waliomjua baba yake.

Ndipo ikaja Februari 1895. Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu, alifariki. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiusimamia ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani ilimweka Rashid bin Salim (si yule wa 1837), mtoto wa marehemu, kwa sababu alikuwa rafiki yake. Kwa desturi ya ukoo aliyestahili zaidi alikuwa binamu yake, mkubwa kwa umri, ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Mbaruk wa Takaungu alikataa, vita vikazuka, akakimbilia kwa jamaa na wajina wake wa Gazi. Sheikh wa Gazi alikuwa mtu mzima, anapokea posho ya Kampuni, na alisita. Lakini kumtoa jamaa aliyedhulumiwa haki yake kungekuwa kukubali kwamba kuanzia siku hiyo karani wa Kampuni ndiye anayewatawaza Wamazrui. Hakukubali. Julai, Serikali ya Uingereza ilipochukua nchi kutoka kwa Kampuni, ugomvi wa urithi ulikwisha kuitwa uasi.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya yote ni mapambo, na kwamba silaha ndizo zilizoamua. Mwele ilianguka Agosti, lakini vita viliendelea miezi minane zaidi, na havikuzimwa mpaka askari walipoletwa kutoka Bara Hindi. Silaha zilikuwa na nguvu ya kuvunja boma. Kuvunja ushirika kulichukua muda zaidi. Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: utajiri wa Gazi ulisimama juu ya watumwa, na njaa ya miaka ya 1880 iliwalazimisha Wamijikenda wengi kuweka watoto wao rehani pwani. Ni kweli, na anayewasifu Wamazrui bila kutaja hilo anawadhulumu mababu wa watu wanaoishi Kwale leo. Hata hivyo utumwa hautenganishi Gazi na Takaungu. Takaungu nayo ilikuwa na mashamba na watumwa, na tawi lililokubali uteuzi wa Waingereza liliachwa likae. Kama kosa lilikuwa utumwa, adhabu ingeyafikia matawi yote mawili.

Mfano wa mbali unasaidia hapa. Nchini Japani ukoo wa Fujiwara ulishika mambo ya ikulu kwa karne nyingi bila kukalia kiti cha mfalme. Fujiwara no Michinaga, aliyefariki mwaka 1028, aliwaoza wafalme mabinti zake na akawa babu wa wafalme. Unyonge wao ulijitokeza wazi mwaka 1186, pale mbabe wa vita Minamoto no Yoritomo alipotia mkono ili Kujo Kanezane awe naibu wa mfalme badala ya mtu wa tawi la Konoe. Kufikia karne ya 13 nyumba hiyo moja ilikuwa nyumba tano, zikipokezana cheo kisicho na meno. Walidumu, hata Konoe Fumimaro akawa waziri mkuu mwaka 1937, kwa kuwa walikubali kuteuliwa na wenye nguvu. Takaungu ilichagua njia hiyo. Gazi haikuichagua.

Malipo ya kila njia yanaonekana katika ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ukanda wa pwani wayathibitishe mbele ya serikali; Mbaruk wa Gazi wakati huo alikuwa mkimbizi Dar es Salaam. Wamazrui wa Takaungu walipata sheria yao ya amana mwaka 1914, iliyodumu mpaka Bunge lilipoifuta mwaka 1989. Gazi haikupata amana ya namna hiyo. Iliachiwa nyumba ya sheikh, ambayo hata mlango wake wa kuchonga ulihamishiwa Fort Jesus. Wanaochunguza chimbuko la uskwota Kwale huanzia kwenye sheria ya 1908. Nawaomba waanze mwaka 1895, na wawaulize wazee wa Kidigo wa Gazi, Kinondo na Mwele kuhusu vita vile, kwa sababu kumbukumbu zilizoandikwa tulizo nazo karibu zote ziliachwa na upande ulioshinda.