Stika za gari zinazowaka gizani: Namna ya kutambua zinazofaa

Mwenye matatu au bodaboda wa Garsen anayetaka chombo chake king'ae usiku huuziwa kwa jina moja, "stika ya kuwaka", vitu vitatu visivyofanana. Mji huo uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mombasa, na anayeagiza plastiki ya kubandika kutoka mbali hana fursa ya kuirejesha kwa urahisi akigundua kwamba siyo aliyoitaka.

Aina ya kwanza ni plastiki yenye rangi za florosenti. Rangi hizo hufyonza miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni, na kuitoa tena ikiwa mwanga unaoonekana. Mwanasayansi George Stokes ndiye aliyelipa tukio hilo jina mwaka wa 1852. Taa ikizimwa, mng'ao hutoweka papo hapo. Aina ya pili hujaza mwanga na kuutoa polepole gizani. Ya tatu, ya kuakisi, haina mwanga wake. Ina vishanga au vipande vidogo mno vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka.

Anayetaka kupamba gari kwa taa za urujuanimno, kama zifanyavyo baadhi ya nganya za Nairobi, anahitaji aina ya kwanza. Kifaa cha kuipima ni kitochi kile kile ambacho wenye maduka hukagulia noti bandia. Kiwashwe mahali penye giza: manjano, kijani, rangi ya machungwa na waridi za florosenti huwaka kwa nguvu, ilhali rangi za kawaida hufifia na kuonekana kama nyeusi. Stika nyeupe ikitoa ubuluu, mnunuzi asidanganyike. Huenda ni dawa ya kung'arisha weupe tu, kama ile iliyomo katika sabuni ya unga. (Kitochi hicho kina faida nyingine nyikani: nge naye huwaka chini yake, kijani chenye ubuluu.)

Mashine ya kawaida ya kuchapisha stika, inayotumia wino wa rangi nne, haiwezi kutoa mng'ao huo. Maandishi hukatwa kutoka kwa plastiki iliyotiwa rangi hiyo kiwandani. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa nia njema: huifunika kazi yao kwa plastiki angavu ya kuzuia miale ya jua. Kinga hiyo huzuia pia miale ya taa, na stika iliyonunuliwa kwa bei ghali hubaki imefifia.

Bila kinga, jua nalo huila. Rangi za florosenti huchujuka upesi kuliko nyingine, na Garsen iko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mahali pake hasa ni ndani ya gari. Kwenye sehemu zilizopinda, plastiki nyembamba iliyomiminwa kiwandani hushika vyema. Ile iliyobanwa kwa rola ni rahisi zaidi, lakini hunywea na kubanduka kingoni.

Kosa la hatari zaidi ni kuibandika nyuma ya pikipiki au mkokoteni wa punda kwa kudhani kwamba madereva wa barabara ya Malindi wataiona usiku. Taa za gari hutoa urujuanimno kidogo mno, na stika hiyo haitarudisha mwanga kwa dereva anayekuja kwa kasi. Hapo panahitajika utepe wa kuakisi. Ukimulikwa kwa tochi ya kawaida iliyoshikwa karibu na jicho, hung'aa ghafla hata ukiwa hatua nyingi mbali. Usipong'aa, si wenyewe.

Wenye matatu wanakumbuka kanuni za 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na kuleta mstari wa manjano ubavuni. Kabla ya kulifunika gari zima, sharti mwenyewe aulize NTSA, kwani rangi iliyoandikwa katika hati ya gari ndiyo ambayo polisi huitazama.