Tulivyojifunza Kuagiza Mali: Historia Fupi



Miaka kumi si haba. Wengi wenu mnaona duka letu la vitenge mnadhani mambo yalinyooka tangu mwanzo. La hasha! Na tuyaandike, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulipoanza mwaka 2015 tulinunua majora kwa wauzaji wa jumla Kariakoo. Mwaka 2017 tukasema, kwa nini tusiagize wenyewe China, kwa bei ya kiwandani? Sampuli tuliyoletewa ilikuwa nzuri, nzito, rangi imekolea. Basi tukatuma hela yote kwa mkupuo, pamoja na akiba ya ada za watoto. Mzigo ulipofika, jamani! Kitambaa chepesi kama chandarua, ukikifua maji yote mekundu. Muuzaji hapokei simu. Siku ya kikao watu walilia, na wenzetu saba wakajitoa wakidai hisa zao.

Tuliobaki tukaweka masharti manne. Kwanza, arubuni isizidi asilimia 30. Pili, sampuli ikatwe vipande viwili, kimoja kwetu, kimoja kwa muuzaji; wakala wetu aliyeko Guangzhou alinganishe mzigo kabla haujapakiwa, ndipo tulipe salio. Tatu, pesa iende akaunti ya kampuni, siyo ya mtu binafsi. Nne, tusitegemee njia moja.

Hili la nne si geni kwetu watu wa pwani. Nguo ya merekani ilipata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani, nayo ilitamba sana soko la Zanzibar. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vikaikatiza, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi.

Sisi nasi yalitukuta. Machi 2020 China ilifunga mipaka kwa wageni sababu ya korona, ikaja kufungua Januari 2023. Wakala alikuwa kule kule, akaendelea kutukagulia. Mizigo ilipochelewa, tulirudi Kariakoo, ambako hatukuwahi kuukata uhusiano. Faida ilikuwa ndogo, lakini duka halikufungwa.

Wale saba tumewalipa hisa zao kidogo kidogo mpaka zikaisha. Watano wamerudi. Wawili bado, viti vyao vipo.