Ukinzani wa Watumiaji

Ukinzani wa watumiaji ni hali ya watu waliozoea mfumo endeshi fulani, yaani programu kuu inayoisimamia kompyuta na programu zake zote, kukataa, kuahirisha au kukwepa mabadiliko ya kiolesura chake, ambacho ni ile sehemu ya vitufe, menyu na madirisha inayomkutanisha mtu na mashine. Kwa kuitaja hali hii, neno upinzani halikufaa kwa kuwa limeelemea mno kwenye siasa, na usugu umekwishatwaliwa na wataalamu wa dawa na vimelea. Ukinzani hutoka katika fizikia, ambako waya hupunguza mkondo wa umeme bila kuukata, na nishati inayopotea hugeuka joto. Ndivyo alivyo mtumiaji mkinzani, ambaye aghalabu haitupi kompyuta, bali huendelea na kazi kwa mwendo wa kusuasua na manung'uniko.

Mfano ulio bayana ni Windows 8, iliyotolewa na Microsoft Oktoba 2012. Tangu Windows 95, kitufe cha kuanzia kilikaa kwenye kona ya chini kushoto, na kwa miaka 17 mkono ulikwishaijua njia hiyo hata bila jicho kuuongoza. Toleo jipya lilikiondoa, na mahali pa menyu yake likaweka skrini nzima ya vigae vya rangi vilivyobuniwa kuguswa kwa kidole, ilhali kompyuta nyingi za mezani zilitegemea kipanya. Aliyetaka kuizima mashine kwa kipanya alipaswa kukipeleka kishale kwenye kona ya kulia, kungoja utepe ujitokeze, kufungua mipangilio, kisha kutafuta alama ya kuzimia, na hayo yote bila maandishi yoyote ya kumwelekeza kwenye kona hiyo.

Microsoft ilijitetea kwa takwimu za matumizi: menyu ile ilikuwa ikifunguliwa mara chache kuliko zamani, kwa kuwa watu walibandika programu zao kwenye upau wa chini. Hoja hiyo ina kasoro, kwani idadi ya mibofyo haipimi utulivu anaoupata mtu kwa kujua pa kurudia anapopotea. Programu za kurejesha menyu, kama Classic Shell na Start8, zilipata watumiaji, Windows 8.1 ya Oktoba 2013 ikakirudisha kitufe, ingawa kilifungua vigae vilevile, na menyu yenyewe ikarejea katika Windows 10 mwaka 2015.

Katika programu huria, ambazo msimbo wake unaruhusiwa kunakiliwa na kubadilishwa, ukinzani huchukua sura nyingine. GNOME, ambayo ni mazingira huria ya eneokazi, yaani skrini kuu ya kufanyia kazi, ilipobadilishwa kabisa katika toleo la GNOME 3 mwaka 2011, wasioridhika walichukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE. Hapo, pengine, hata neno upinzani lingestahili.