Kupima Oksijeni Kwenye Mkono Unaotikisika

Oksimita ya mapigo, kifaa kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni ya damu, ilizaliwa kutokana na usumbufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, Tokyo, alikuwa akipima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kumulika sikio. Mapigo ya ateri yalimharibia vipimo. Alipotafuta njia ya kuyafuta, akagundua kuwa yana habari ndani yake. Damu iliyojaa oksijeni hufyonza mwanga mwekundu kidogo na infraredi zaidi kuliko damu iliyopungukiwa, hivyo mapigo ya mianga hiyo miwili yakilinganishwa, oksijeni ya ateri hujulikana. Aliwasilisha ugunduzi huo mwaka 1974.

Hesabu hiyo hudhani kwamba kinachopiga ni damu ya ateri peke yake. Mgonjwa akitetemeka au mtoto mchanga akirusha mikono, damu ya vena nayo husukwasukwa, na mianga yote miwili huyumba karibu sawasawa. Hapo kifaa huelekea kuonyesha asilimia 85 hivi, hali ya mgonjwa iwe njema au mbaya. Oksimita zilipoenea wodini katika miaka ya 1980, ving'ora vya uongo vilienea pamoja nazo.

Upimaji wa kawaida haukuweza kufichua kasoro hiyo, kwa kuwa watu waliojitolea walilala kimya, wakavutishwa hewa yenye oksijeni pungufu, kisha usomaji ukalinganishwa na damu ya ateri. Mwaka 1997 Steven Barker na Nitin Shah wa Marekani walichapisha jaribio la aina nyingine. Mkono mmoja ulitikiswa kwa mashine, ukigongagonga na kusugua, na mwingine ukatulizwa ili uwe shahidi. Vihisio vilifungwa kabla ya mtikisiko, na pia katikati yake, maana kifaa kisichowahi kuona mapigo safi hupotea upesi zaidi. Mwaka 2002 Barker alilinganisha oksimita 20 kwa mbinu ya namna hiyo. Zilizotumia hesabu mpya za kuchuja mtikisiko zilitofautiana sana na za zamani.

Kiwango cha kimataifa ISO 80601-2-61 cha mwaka 2011 kiliweka kikomo cha kosa kuwa asilimia 4 kati ya usomaji wa 70 na 100, na kumtaka mtengenezaji anayedai usahihi wakati wa mwendo aeleze jinsi alivyoupima.