Ibinda: Rika la Wakipsigis na Safari ya Kupanda Daraja

Ibinda ni rika la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja miongoni mwa Wakipsigis na ndugu zao wengine wa jamii ya Wakalenjin. Katika vilima vya chai vya Kericho na Bomet, kuanzia Kimulot na Mogogosiek hadi Litein na Sotik, mwanamume aliyepita jandoni ana ibinda yake kama alivyo na ukoo wake. Ukoo humwambia ametoka wapi. Ibinda humwambia amefika wapi.

Majina ya marika ni machache, nayo huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, kisha Maina tena. Baadhi ya Wakalenjin huweka Korongoro baada ya Sawe. Kwingine jina hilo halimo, na masimulizi husema kwamba vijana wa rika hilo waliangamia vitani, wazee wakaogopa kulirudisha. Kila rika hupokea watahiriwa kwa muda wa miaka 15 hivi kabla ya mlango kufungwa, kwa hiyo jina moja hurudi baada ya karne moja au zaidi. Kijana anayetahiriwa huchukua jina la rika la watu ambao kwa kawaida wamekwisha kuzikwa karibu wote kabla yeye hajazaliwa. Mpangilio huu uliwapa wazee wasiojua kusoma kalenda ndefu ya kuaminika: tukio halikuwekewa mwaka, liliwekewa rika lililokuwa likishika mikuki wakati huo.

Zamani maisha ya mwanamume yalikuwa na daraja tatu kubwa. Mvulana asiyetahiriwa hakuwa na sauti barazani, hata angekuwa na nguvu kiasi gani. Baada ya jando aliitwa muren, yaani shujaa, na kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe na mipaka. Juu yake walikaa wazee, waliokata mashauri na kubariki. Mashujaa waligawanywa pia katika vikosi vinne vya vita, Kipkaige, Kasanet, Ng'etunyo na Kebeni, na kijana aliingia kikosi cha baba yake.

Kutoka uvulana hadi ushujaa, njia ilipita kwenye menjo, kibanda cha kutengwa kilichojengwa mbali na macho ya wanawake na watoto. Watahiriwa, tarusiek, walikaa humo kwa miezi mingi chini ya walimu wao, ambao kila mmoja huitwa moteriot. Moteriot hakuwa mlinzi tu. Alifundisha nyimbo, mafumbo, adabu kwa wazee, siri za rika na namna ya kuvumilia maumivu bila uso kukunjamana. Heshima kati yake na wanafunzi wake ilidumu maisha yote.

Mojawapo ya sherehe za menjo ni kapkiyai. Kijito kilizuiwa hadi maji yakajaa, na juu yake ukajengwa mfano wa kibanda kidogo cha matawi. Vijana walipita chini yake wakizama majini, mmoja nyuma ya mwingine, mara nne, kwa kuwa nne ni hesabu yenye baraka. Hakuna aliyepita peke yake, na hakuna aliyemruka mwenzake. Aliyetangulia na aliyefuata walitoka upande wa pili wakiwa kitu kimoja, na kwa mwenye kutaka kuielewa ibinda, hapo ndipo pa kutazama.

Kijana alipotoka menjo hata jina lake lilibadilika. Jina la utoto, ambalo mara nyingi huanza na Kip- na kueleza hali aliyozaliwa nayo, lilifuatwa sasa na arap, maana yake mwana wa, na jina la baba. Rais wa pili wa Kenya, Daniel Toroitich arap Moi, Mkalenjin wa jamii ya Tugen kutoka Baringo, alijulikana ulimwenguni kwa jina la namna hiyo.

Daraja ilikuja na masharti. Mwanamume hakuruhusiwa kumwoa binti wa mwanarika wake, kwa sababu binti huyo alihesabiwa kuwa mtoto wake mwenyewe. Baba na mwana hawakupaswa kuwa katika marika yanayofuatana moja kwa moja: mwana wa Maina hakuingia Chumo, alingoja Sawe. Sheria hiyo ilizuia ushindani ndani ya nyumba, maana rika linalopanda hulisukuma lile lililo mbele yake, na haikufaa mtu amsukume baba yake.

Kwa vijana wa sasa, kupanda daraja ni neno la michezo ya kompyuta na simu. Mfumo wa kumpa mhusika pointi za uzoefu na viwango ulienezwa na mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons, uliochapishwa mwaka 1974. Mwaka 2004 ukaja City of Heroes, mchezo wa intaneti ambamo kila mchezaji aliunda shujaa wake, akaanza kiwango cha 1, akapigana na wahalifu hadi akafikia kiwango cha 50. Pointi zikitosha, alimwendea mkufunzi ili apandishwe, na aliye juu aliweza kumshika mkono aliye chini wakapigana pamoja. Mchezo huo ulifungwa mwaka 2012. Mkufunzi wake anakumbusha moteriot, lakini kufanana kunaishia hapo. Katika mchezo, pointi ni za mtu mmoja na anayecheza usiku kucha huwaacha wenzake. Katika ibinda, kijana hodari kuliko wote na yule dhaifu walipanda siku moja, na wala ushujaa wa mtu mmoja haukumfanya mzee kabla ya wenzake. Sifa alipata, nyimbo aliimbiwa, ila daraja ilikuwa mali ya rika zima.

Mali hiyo iliweza pia kupotea yote kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wakipsigis walishindwa vibaya na Wagusii katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Mogori. Mashujaa wengi hawakurudi, na pengo hilo liliingia katika masimulizi kama msiba wa marika, si wa familia moja moja.

Utawala wa Waingereza uliigusa ibinda mahali palipouma zaidi. Kwa Wanandi, ambao nao ni Wakalenjin, mwaka 1923, serikali ilipiga marufuku saget ab eito, sherehe ya kuchinja fahali ambayo kwayo rika moja lililikabidhi lingine nchi, ikihofia uasi. Kiongozi wao, Barsirian arap Manyei, alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa miongo minne. Mwaka 1934 ilikuwa zamu ya Kericho: familia za ukoo wa Talai, zilizotoa waganga na waonaji, zilihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria.

Wakati huohuo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikipanda chai kwenye ardhi iliyotwaliwa na wakoloni. Muren aliyezuiwa kushika mkuki aliinama kwenye mistari ya chai, akichuma majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, na mwisho wa siku ujira wake ulipimwa kwa mizani. Hapo cheo kilitoka kwa mwajiri. Nyapara aliweza kuwa wa rika dogo kuliko wanaume aliowaamrisha, jambo ambalo barazani lisingewezekana.

Shule na makanisa yaliifupisha menjo. Miezi mingi imekuwa wiki chache za likizo ya Desemba, wengi hutahiriwa na wahudumu wa afya, na baadhi ya makanisa huendesha jando lao lenye mafundisho ya Kikristo. Wasichana nao walikuwa na jando lao, lililokuwa na ukeketaji. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 iliupiga marufuku, na ni haki, kwa kuwa mafunzo ya utu uzima hayahitaji kumjeruhi msichana.

Majina yenyewe hayajaacha kuzunguka. Wanaume wawili wasiojuana wakikutana kwenye kituo cha kununulia majani ya chai huko Konoin, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye ibinda. Wakiwa wa rika moja, mmoja humwita mwenzake bakule na wanakaa wakizungumza kama walioingia majini siku moja. Wakiwa wa marika tofauti, mdogo humpisha mkubwa.