Sebule ya Milano

Kati ya kanisa kuu la Duomo na jumba la opera la La Scala upo ujia mpana ulioezekwa kwa chuma na vioo. Jina lake rasmi ni Galleria Vittorio Emanuele II, lakini wenyeji wa Milano huuita sebule. Hapo ndipo walipokutana, wakanywa kahawa na kubishana juu ya siasa na muziki kwa zaidi ya miaka 150.

Mfalme Vittorio Emanuele II aliweka jiwe la msingi mwenyewe, tarehe 7 Machi 1865. Italia ilikuwa nchi changa, imeungana miaka minne tu kabla ya hapo. Msanifu Giuseppe Mengoni alichora njia mbili zinazokatana, na juu ya makutano akasimamisha kuba la vioo lenye kimo cha mita 47 hivi. Ujia ulifunguliwa 1867, ila lango kubwa la upande wa Duomo lilichukua miaka kumi zaidi. Tarehe 30 Desemba 1877, kazi ikiwa imebaki kidogo tu, Mengoni alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi akafa. Siku kumi baadaye mfalme naye akafariki. Sebule ikafiwa na aliyeijenga na aliyeipa jina, karibu kwa matanga mamoja.

Taa za enzi hizo zilikuwa za gesi. Zile za kwenye kuba ziliwashwa na kigarimoshi kidogo kilichozunguka kwenye reli yake huko juu kikibeba moto. Wamilano walikiita rattin, yaani kipanya, na watu walikusanyika kukitazama giza lilipoingia. Kati ya visa vyote vya Galleria, hiki ndicho nikipendacho zaidi: hata kuwashwa kwa taa kulipata watazamaji wake, kama opera iliyokuwa ikiimbwa hatua chache mbele.

Mikahawa ilikuja pamoja na jengo. Biffi ilianza mwaka ule ule wa 1867. Gaspare Campari, aliyebuni mwaka 1860 kinywaji cha kileo, chekundu na kichungu, alikuwa na mkahawa wake hapo hapo, na mwanawe Davide alizaliwa ndani ya Galleria. Mwaka 1915 Davide alifungua baa ya Camparino, akaweka mitambo ya kupandisha maji baridi ya soda kutoka chini ya jengo, ili kila glasi itoke na ubaridi ule ule. Kinywaji hicho hunywewa jioni kabla ya chakula, pamoja na zeituni na vitafunio, katika desturi inayoitwa aperitivo. Ukitaka kujua jinsi mahali hapo palivyochemka, nenda kwenye jumba la picha la Brera utazame mchoro wa Umberto Boccioni wa mwaka 1910: umati unakimbilia ugomvi mbele ya mkahawa wa Galleria, taa zikiwaka juu yao.

Chakula cha kuagiza ni wali wa zafarani, risotto alla milanese. Sisi tunaoijua zafarani kwenye biriani tutashangazwa na upishi wake. Vitunguu na mchele hukaangwa kwa siagi na uboho wa mfupa wa ng'ombe, kisha supu huongezwa upawa kwa upawa huku mpishi akikoroga. Punje hazitakiwi kuchambuka. Wali unatakiwa utambae kwenye sahani kama wimbi.

Agosti 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mabomu yalivunja vioo vya Galleria na kubomoa paa la La Scala. Katika kujenga upya, jumba la opera ndilo lililotangulizwa. Tarehe 11 Mei 1946, jiji likiwa bado limejaa vifusi, mwongozaji wa okestra Arturo Toscanini, aliyerejea kutoka uhamishoni Marekani, aliongoza onyesho la kulifungua upya. Sioni kama walikosea kuutanguliza muziki.

Mitindo nayo ina mizizi ndani ya Galleria: Mario Prada alifungua duka lake la bidhaa za ngozi mwaka 1913. Leo maduka ya anasa yamejaa pande zote, na nasikitika kuona nafasi ya mtu wa kawaida ikizidi kubana. Bado ana kaunta ya mkahawa. Kahawa ya kusimama ni nafuu kuliko ya kuketi mezani.

Chini ya kuba, juu kabisa ukutani, kuna picha za mabara manne, na Afrika ni mojawapo. Ile ya awali ilichorwa kabla Italia haijatawala hata kipande cha bara letu. Eritrea ilifanywa koloni mwaka 1890. Afrika iliyo hai utaikuta vituo vitatu vya metro kutoka Duomo, mtaani Porta Venezia. Waeritrea walianza kukaa huko miongo kadhaa iliyopita: wanawake waliokuja kufanya kazi majumbani mwa watu, kisha wakimbizi wa vita vya uhuru. Katika migahawa yao mkate wa injera hutandazwa kwenye sinia moja, na watu hula pamoja kwa mikono. Kahawa hukaangwa mbele ya mgeni, kisha hunywewa mizunguko mitatu, watu wakiwa wameketi.