Karanga, Njugu na Mashine ya Kukaangia: Funzo la Istilahi kutoka Maduka ya Kale ya Marekani

Mfasiri anayepewa jina la kitu cha kigeni huwa na njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ni kufungua kamusi, kulichukua neno la kwanza analolikuta, na kuendelea na kazi. Njia ya pili ni kuuliza kitu chenyewe kimetoka wapi, kinafanya kazi gani, na wenyewe hukitofautisha na vitu gani vingine. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha faida ya njia ya pili kwa kutumia mfano mdogo: maduka ya kale ya karanga nchini Marekani, mashine zake na vibao vyake. Mfano huu waweza kuonekana kuwa wa mzaha, lakini mwisho wake unagusa uhai wa watu, kama tutakavyoona.

Asili ya maduka hayo

Karanga ni mgeni katika Afrika na ni mgeni pia katika Amerika ya Kaskazini. Kwao ni Amerika ya Kusini. Wareno waliileta Afrika katika karne ya 16, na baadaye ikavuka tena bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani. Kwa muda mrefu ililimwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, hasa kwa ajili ya Waafrika waliokuwa watumwa na kwa ajili ya mifugo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliwaonjesha karanga askari wa pande zote mbili, nao wakarudi makwao na hamu yake. Baada ya hapo wachuuzi wa karanga za moto wakaongezeka katika mitaa ya miji ya kaskazini.

Mwaka 1885, Charles Cretors, aliyekuwa na duka la peremende katika mji wa Decatur, jimbo la Illinois, alianza kutengeneza mashine zake mwenyewe kwa sababu hakuridhika na ile aliyokuwa ameinunua ya kukaangia karanga. Mashine zake ziliendeshwa kwa mvuke. Mwaka 1893 alizionyesha katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago, ambako zilikaanga karanga na bisi mbele ya macho ya wapita njia.

Katika mwaka 1889 mvulana wa Kiitalia, Amedeo Obici, mzaliwa wa Oderzo, aliingia Marekani. Alianza kwa kuuza matunda na karanga katika jimbo la Pennsylvania, na mwaka 1906 yeye na Mario Peruzzi walianzisha Planters katika mji wa Wilkes-Barre. Mwaka 1913 kampuni ilifungua kiwanda Suffolk, Virginia, karibu na mashamba yenyewe. Hatimaye ikafungua maduka yake katikati ya miji, ambamo karanga zilikaangwa humo humo dukani na kuuzwa zikiwa bado na joto. Duka la Nashville, Tennessee, lilifunguliwa mwaka 1927, na mengine ya Akron, Ohio, na Lansing, Michigan, yakafuata katika miaka ya 1930.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Planters ilinunuliwa na Standard Brands, na maduka yakapita mikononi mwa watu binafsi. Wakati huo huo wakazi wengi wa miji ya Marekani walikuwa wakihamia viungani, na biashara za katikati ya miji zikadhoofika. Maduka mengi yalifungwa. Machache yaliyoingia katika karne ya 21 yaliingia pamoja na vitu vyake vya zamani: mashine ya chuma, mizani, kabati la vioo, na kibao kilichokuwa kikiwaka taa mlangoni. Vitu hivyo ndivyo vinavyomletea mfasiri kazi.

Mashine ya kukaangia

Tuanze na mashine. Sehemu yake kuu ni pipa la chuma linalozungushwa polepole juu ya moto wa gesi. Karanga hupinduliwa ndani yake bila kukoma ili joto lizifikie zote sawasawa. Joto linalohitajika ni kiasi cha nyuzi 160 za Selsiasi au zaidi kidogo. Maji yaliyomo katika punje hupungua mpaka kubaki asilimia 2 hivi au chini yake, sukari na asidi za amino huungana, na hapo ndipo harufu tuijuayo inapotokea. Mkaangaji huchota punje chache na kuzitazama rangi. Zikiwa tayari huzimwaga katika sinia lenye matundu ili zipoe upesi, kwani joto lililo ndani ya punje huendelea kuzipika hata baada ya kuondolewa motoni.

Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa kazi hiyo, na kitenzi hicho hicho hutumika kwa nyama iliyowekwa katika joko, kwa viazi na kwa buni. Kiswahili hakijaridhika na umaskini huo. Sisi huchoma muhindi, huoka mkate, hubanika samaki, na hukaanga karanga na kahawa. Atakayeandika kwamba karanga "zimechomwa" kwa kuwa kamusi ya lugha mbili imempa neno choma atakuwa ameziunguza.

Wapo wanaopinga kitenzi kaanga kwa hoja kwamba maana yake ni kupika kwa mafuta. Hoja hiyo haishindi mazoea ya jikoni. Anayekaanga karanga kwenye chungu kwa kawaida hatii mafuta. Wengine hutia chumvi au mchanga ili joto lienee. Tena kamusi za zamani za Kiswahili zinakitaja kitenzi karanga kwa maana ile ile ya kaanga, na sauti za kitenzi hicho na za jina la zao ni moja. Kwa kuwa wauzaji wa Marekani hutenganisha karanga zilizopitishwa katika mafuta na zile zilizopikwa kwa joto tupu, nasi tutenganishe bila taabu: kukaanga kwa mafuta na kukaanga kikavu.

Kuhusu chombo, watu wanalo tayari jina mashine ya kukaangia, nalo linaeleweka kuanzia kiwandani hadi sokoni. Kikaango kibaki kuwa chombo cha jikoni, na sehemu ile inayozunguka tuiite pipa la kukaangia. Kiingereza hulitumia jina moja kwa mashine, kwa mtu anayeiendesha na hata kwa kampuni inayofanya biashara hiyo. Kwetu mtu ni mkaangaji na chombo ni mashine, wala hakuna sababu ya kuvichanganya. Neno la mkopo lingefaa kama pengo lingekuwapo, na hapa pengo halipo.

Kibao, alama na ishara

Mwaka 1916 Planters iliitisha shindano la kuchora nembo. Mshindi alikuwa Antonio Gentile, mwanafunzi wa Suffolk, aliyechora karanga yenye mikono na miguu. Mchoraji wa biashara akaiongezea kofia ndefu, fimbo na miwani ya jicho moja, na hivyo akazaliwa Mr. Peanut. Picha hiyo ilipandishwa juu ya milango ya maduka, ikaundwa kwa taa za neoni, na katika baadhi ya miji mtu alivalishwa ganda la karanga akatembea barabarani akiwaalika wateja. Hata kabla yake, mashine za Cretors zilikuwa na kikaragosi kidogo kilichoonekana kana kwamba ndicho kinachozungusha pipa.

Yote hayo Kiingereza kinaweza kuyataja kwa neno moja. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuuliza: ni kipi hasa? Kibao ni kitu cha mbao, bati au kioo kilichotundikwa, nacho kina uzito na kinaweza kushika kutu. Bango ni tangazo la kubandikwa au kusimamishwa. Alama ya biashara ni haki inayolindwa na sheria. Ishara ni kile kinachompa mtu habari kwa jicho, kwa sikio au kwa pua. Harufu ya karanga iliyotoka mlangoni ilikuwa ishara, na filimbi ya mvuke ya mikokoteni ya zamani ilikuwa ishara, kama ilivyo milio ya vikombe vya muuza kahawa katika miji yetu ya pwani.

Tofauti hizi zina uzito ofisini. Mtu anaweza kununua duka la kale pamoja na kibao chake, kisha asiwe na haki juu ya alama ya biashara iliyochorwa humo, kwa kuwa alama inaweza kuuzwa peke yake kutoka kampuni hadi kampuni. Alama ya Mr. Peanut yenyewe ilipita kwa wenyewe kadhaa mpaka ikafika mikononi mwa Hormel mwaka 2021. Hapa Tanzania Bara tuna sheria ya alama za biashara na huduma ya mwaka 1986. Mtumishi wa serikali anayeandika barua kuhusu "matumizi ya alama" hali mwombaji anataka kuning'iniza kibao tu, amemfungulia mlango usiokuwa wake.

Njugu ni nini?

Sasa tufike kwenye kiini. Kiingereza hukusanya chini ya jina 'nut' vitu vingi visivyo na undugu: karanga, korosho, lozi, pistachio, makadamia na vinginevyo. Maduka tunayoyazungumzia yaliviuza vyote kwa jina hilo. Kwa mtaalamu wa mimea, hata hivyo, karanga ni ndugu wa maharage na kunde. Ua lake huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo hushuka na kuzamia udongoni, ambako ganda hukua. Korosho na lozi huzaliwa mitini.

Kiswahili nacho kina neno njugu, lakini mipaka yake ni mingine. Njugu nyasa ni karanga. Njugu mawe ni zao jingine, la asili ya Afrika, lizaalo pia chini ya ardhi. Kwa hiyo Mswahili asikiapo njugu, mawazo yake huenda shambani. Mwingereza asikiapo 'nut', mawazo yake huenda mtini pia. Historia yetu imetuonyesha kwamba neno karanga linajitosheleza. Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa Tanganyika mwaka 1947, wakikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 ili kupata mafuta ya kula, zao lililotajwa Kongwa, Urambo na Nachingwea lilikuwa karanga. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi, na jina likabaki.

Hapa ndipo hatari ilipo. Wapo watu ambao miili yao haivumilii karanga, na wengine haivumilii lozi au korosho. Kwa baadhi yao punje moja yatosha kuziba pumzi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 juu ya maandishi ya pakiti za chakula iliziweka karanga katika fungu lake peke yake, na mazao ya miti katika fungu jingine, na ikaagiza kwamba kila zao la miti litajwe kwa jina lake. Chukua pakiti ya biskuti zenye lozi iliyotafsiriwa "ina njugu". Mama ambaye mtoto wake hudhurika kwa lozi ataisoma, atafikiri habari ni ya karanga, na atamnunulia mtoto wake. Kosa la istilahi litakuwa limefika hospitali.

Mapendekezo

Kwanza, katika maandishi ya chakula, afya na forodha neno njugu lisitumike peke yake. Pili, karanga iitwe karanga, na njugu mawe itajwe kwa jina lake kamili. Tatu, mazao ya miti yatajwe moja moja: korosho, lozi, makadamia, na kadhalika. Orodha itakuwa ndefu kidogo, lakini wino ni rahisi kuliko dawa. Nne, maduka ya kale ya Marekani, ambayo yalianza kwa karanga na kujulikana kwa karanga, yaitwe maduka ya karanga, na bidhaa nyingine zielezwe ndani ya maandishi.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi darasani: wanafunzi wapewe neno moja la Kiingereza, watafute vitu vyote linavyovifunika, kisha kila kitu wakipe jina ambalo watu wanalo tayari. Watagundua kwamba mara nyingi upungufu tunaousikitikia katika Kiswahili ni upungufu wa kuuliza. Muuza karanga, mpishi na mkulima wanayo majibu, na ofisi ya istilahi haina budi kuwafuata huko waliko.